Sanduku, Muhuri na Mkono wa Msafiri: Barua baina ya Dubai na Pwani ya Waswahili

Mswahili anapoandika anwani juu ya bahasha huweka herufi tatu, S.L.P., kisha namba. Mkazi wa Dubai aandikaye kwa Kiarabu huweka herufi mbili, swadi na bee, kisha namba. Swadi ni *sunduq*, bee ni *barid*: sanduku na posta. Anwani zote mbili zinasema jambo lile lile, na hata maneno ni ndugu. Sanduku na anwani tumevipokea kutoka Kiarabu. Muhuri asili yake ni Uajemi. Stempu tumeitwaa kwa Waingereza. Neno meli nalo lilitokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa chombo cha moshi kilichotia nanga bandarini kilitambulikana kwanza kwa mifuko ya barua kilichochukua.

Msamiati huu ni kumbukumbu ya historia ambayo haijaandikwa vya kutosha. Tumesoma mengi juu ya biashara ya Bahari ya Hindi, juu ya pembe, karafuu, tende na lulu. Juu ya barua zilizosafiri katika majahazi na meli zile zile tumesoma machache, ingawa bila barua hakuna mfanyabiashara ambaye angejua bei wala mama ambaye angejua mwanawe yu hai. Makala haya yanafuata barua hizo baina ya Dubai na pwani yetu, na yana dai moja: posta rasmi, pamoja na sanduku lake na muhuri wake, haikuuondoa utaratibu wa kale wa kumwamini msafiri. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja, na mwanahistoria anayetazama moja tu hupoteza nusu ya habari.

Chupa ya Dartmoor

Ili kuupata uzito wa jambo hili, inafaa kwanza kutazama mahali pa mbali sana na pwani. Mwaka 1854, katika nyika za Dartmoor kusini-magharibi mwa Uingereza, mwongoza wageni aitwaye James Perrott, mkazi wa mji mdogo wa Chagford, aliweka chupa penye bwawa la Cranmere, mahali pagumu kufikika kwa miguu. Mgeni aliyefika aliacha humo kadi yake kuwa ushahidi kwamba amefika. Baadaye wageni wakaanza kuacha barua au kadi zilizokwisha kubandikwa stempu. Aliyefuata kufika, awe nani, alizichukua na kuzitia posta mahali atakaporejea. Barua haikujua itakaa nyikani siku ngapi wala itabebwa na nani. Ilimtegemea mpitaji.

Desturi hiyo ilikua ikawa mchezo. Chupa ikawa sanduku, sandukuni pakawekwa kitabu cha majina na muhuri wa mpira, na kila mtembezi akawa na muhuri wake na daftari lake. Leo mchezo huo una wafuasi katika nchi nyingi, hasa Marekani, ambako ulienea baada ya makala ya jarida la Smithsonian ya mwaka 1998. Masanduku hufichwa katika bustani za miji midogo na watu huyatafuta kwa kufuata mafumbo. Lakini katika safari hiyo barua imetoweka. Watu huchukua alama ya muhuri wakaenda zao, wala hakuna tena anayebeba ujumbe wa mwenzake.

Barua za msimu

Huku kwetu, kumpa mpitaji barua hakukuwa mchezo wakati wowote. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa hadi leo, zinaonyesha kwamba watu wa pwani walikuwa wakiandikiana kwa mbali zaidi ya karne moja kabla ya stempu kuzaliwa. Barua kama hizo zilifika kwa sababu nahodha, au abiria, au mtumishi, alikubali kuzichukua.

Kalenda ya barua ilikuwa kalenda ya pepo. Majahazi ya Ghuba yaliteremka kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakiwa na tende, samaki wakavu na chumvi. Yalirejea kwa kusi, kuanzia Aprili, yakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Aliyeandika kutoka Dubai mwezi wa Desemba aliweza kupata jibu kusi ilipoanza kuvuma. Akichelewa kujibu naye, basi ni mpaka kaskazi nyingine. Mazungumzo ya watu wawili yalipata zamu moja au mbili kwa mwaka. Ndiyo maana barua za zamani huanza na salamu ndefu zinazotaja jamaa mmoja mmoja: mwandishi alijua kwamba huenda asipate nafasi nyingine hadi pepo zigeuke.

Anayetaka kuona mabaki ya kalenda hiyo aende mtaa wa Al Fahidi, uliojulikana zamani kwa jina la Bastakiya, kando ya Khor ya Dubai. Nyumba zake zenye minara ya upepo zilijengwa na wafanyabiashara waliohama kutoka pwani ya Uajemi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Dari zake zimebebwa na boriti za kwetu, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti hizo. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mtaa ilibomolewa, na kilichosalia kiliokolewa baada ya watu kupiga kelele. Mtalii anayepita vichochoroni humo leo anakanyaga mji mdogo uliopo ndani ya jiji kubwa, na juu ya kichwa chake iko miti iliyosafiri katika jahazi moja na barua ambazo hazipo tena.

Matawi ya mti mmoja

Posta rasmi ililetwa na serikali ya Uingereza ya India. Kampuni ya meli ya British India, iliyoanzishwa na William Mackinnon, ilipata mkataba wa kubeba barua za Ghuba mwaka 1862, na mwaka 1872 ikapata mkataba wa safari za kila mwezi baina ya Aden na Zanzibar. Popote meli hizo zilipopita, ofisi za posta za India zilifuata. Maskati ilipata ofisi yake mwaka 1864. Zanzibar ilifunguliwa ofisi mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena mwaka 1875 katika enzi ya Seyyid Barghash. Kwa miaka 20 iliyofuata, aliyetia barua posta mjini Zanzibar alinunua stempu ya India, yenye sura ya Malkia Victoria na bei kwa anna na rupia.

Zanzibar ilikuwa na shindano la posta pia. Wafaransa walifungua ofisi yao mwaka 1889, na Wajerumani wakafungua yao mwaka 1890, baada ya kuwa na wakala wa posta Lamu tangu 1888. Kila dola iliyotaka sauti pwani ilitaka muhuri wake. Mwaka 1895 stempu za India zilipigwa chapa ya jina Zanzibar, na mwaka 1896 zikatoka stempu zenye sura ya Seyyid Hamad bin Thuwain. Zanzibar ikawa na posta yake.

Dubai iliingia katika mti huo baadaye sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa mji wa watu wapatao 10,000, kwa makadirio ya Lorimer, mwandishi wa serikali ya India, wakiishi kwa lulu, uvuvi na biashara ya majahazi. Wafanyabiashara wa Lingah walipohamia Dubai kwa kukimbia ushuru wa forodha ya Uajemi, meli za British India nazo zikaanza kuitembelea mara kwa mara. Tarehe 19 Agosti 1909 ofisi ya posta ya India ikafunguliwa. Stempu zilikuwa za India tupu, bila chapa yoyote ya jina la mahali. Ni muhuri wa posta pekee uliofahamisha kwamba barua imetoka Dubai.

Hapa msomaji aone jinsi muhuri ulivyo shahidi bora kuliko stempu. Stempu husema mwenye mamlaka ni nani. Muhuri husema barua ilipita wapi na siku gani. Kwa Dubai, stempu zilibadilika kufuata siasa za mbali ambazo wakazi hawakuulizwa. Mwaka 1942 ofisi iliwekwa chini ya posta kuu ya Karachi. India ilipogawanywa mwaka 1947, Karachi ikawa ya Pakistan, na Dubai ikajikuta ikitumia stempu za Pakistan hadi tarehe 31 Machi 1948. Kesho yake Waingereza wakaichukua posta wenyewe, wakauza stempu zao za nyumbani zilizopigwa chapa ya anna na rupia. Tarehe 7 Januari 1961 zikatolewa stempu za kwanza za eneo lenyewe, baadhi zikiwa na mitende saba na nyingine jahazi. Ziliandikwa jina la nchi zote za mkataba, lakini posta ya Dubai ndiyo iliyozitumia.

Fundisho lake kwa historia yetu ni hili. Tunapozungumza juu ya uhusiano wa Zanzibar na Ghuba tunaanzia Maskati na nasaba ya Albusaidi, na ni haki. Lakini katika mambo ya kila siku, kama vile bei ya kutuma barua, rangi ya stempu na taratibu za karani, Zanzibar ya 1880 na Dubai ya 1920 zilisomeshwa na mwalimu mmoja aliyekaa Bombay na Karachi. Mfanyabiashara wa Kihindi au wa Kiarabu aliyehama bandari moja kwenda nyingine hakulazimika kujifunza posta upya.

Miezi saba

Tarehe 14 Juni 1963 Waingereza walifunga wakala wao wa posta Dubai, na kesho yake Dubai ikaanza kutoa stempu kwa jina lake, katika utawala wa Sheikh Rashid bin Said Al Maktoum. Zanzibar nayo ilipata uhuru tarehe 10 Desemba mwaka huo huo na kutoa stempu za kuadhimisha siku hiyo. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi.

Posta ya Zanzibar haikuwa na stempu mpya. Ilichukua zile zilizokuwapo, zenye sura ya Sultani na zile za uhuru, ikazigonga kwa mkono maneno mawili: JAMHURI 1964. Zilianza kuuzwa tarehe 17 Januari, siku tano tu baada ya Mapinduzi. Baadaye chapa hiyo ilipigwa kwa mashine. Wakusanyaji stempu huzithamini hizo za mkono kwa sababu zimegongwa kwa haraka, nyingine upande, nyingine juu chini. Mwanahistoria ana sababu nyingine ya kuzithamini: kila moja ni tamko la dola lililoandikwa juu ya uso wa dola iliyotangulia, na likabandikwa kwenye barua ya mtu aliyetaka tu kuwapa jamaa habari.

Hivyo ndani ya miezi saba ofisi mbili zilizolelewa na posta ya India zilibadilika zote, moja kwa makabidhiano na nyingine kwa silaha. Na ni wakati huo barua baina yao zilipopata maana mpya. Waliokimbia Zanzibar walitawanyika. Wengi wenye asili ya Oman hawakuweza kwenda Oman, kwa kuwa Sultani Said bin Taimur alibana milango. Mpaka Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, baadhi yao walipata riziki Dubai, Kuwait na Cairo. Dubai, iliyokuwa ikipanuka, ilihitaji makarani, walimu, polisi na mafundi waliojua Kiarabu na Kiingereza.

Mtu wa namna hiyo aliandikaje nyumbani? Posta ilikuwapo. Lakini hofu ya barua kufunguliwa ilikuwapo pia, na aliyekuwa na jamaa Unguja au Pemba hakutaka kuwatia mashakani kwa bahasha yenye muhuri wa Ghuba. Ndipo mkono wa msafiri ulipopata kazi tena. Barua ilipewa baharia, au ilipelekwa Mombasa ikatiwa posta huko, au ilishonwa ndani ya nguo zilizotumwa. Juu yake paliandikwa kwa mkono wa fulani, bila stempu wala tarehe. Barua za namna hii haziingii katika takwimu za posta yoyote, na ndizo zilizobeba habari nzito zaidi.

Namba badala ya nyumba

Aliyefika Dubai alihitaji pia mahali pa kupokelea. Mji ulikua haraka kuliko majina ya mitaa, na posta yake haikujengwa juu ya tarishi wa kubisha hodi mlango kwa mlango. Barua zilingoja katika masanduku yaliyokodiwa, na masanduku mengi yalikodiwa na kampuni na idara. Mfanyakazi alitumia namba ya mwajiri wake. Wakati mwingine watu kumi wa nchi tano walikuwa na anwani moja, na karani wa ofisi ndiye aliyejua bahasha ipi ni ya nani.

Kwa Mswahili hili halikuwa geni. Katika miji ya Afrika Mashariki S.L.P. ya shule, ya msikiti, ya duka au ya misheni ilipokea barua za kijiji kizima. Mwalimu aliyekwenda mjini alirejea na bahasha mfukoni. Kwa hiyo barua iliyotoka sanduku la Dubai kwenda sanduku la Tanga ilipita mikono miwili isiyo ya posta: ya karani wa kwanza na ya mwalimu wa pili. Sanduku lilikuwa rasmi, lakini hatua ya mwisho ilitegemea mtu anayejua jina lako. Ndiyo sababu nasema posta haikumwondoa mpitaji. Ilimpa mahali pa kusimama.

Anwani hiyo ilikuwa na upungufu wake. Aliyeacha kazi aliacha na sanduku. Barua zilizofika baada yake zilirudishwa, zikatupwa au zikakaa mezani mpaka mwenzake mmoja akamkumbuka. Jamaa wengi walipoteana kwa namna hiyo, bila ugomvi wala msiba, kwa sababu tu namba moja ilikwisha kutumika.

Sasa namba za aina nyingine zinachukua nafasi. Dubai kila jengo limepewa namba ya Makani yenye tarakimu 10, inayoonyesha mlango ulipo. Tanzania iliendesha kazi kubwa ya anwani za makazi mwaka 2022, mitaa ikapata majina na nyumba namba. Hatua hizi ni za manufaa, na hakuna mgonjwa anayengoja gari la wagonjwa atakayelilia S.L.P. Hata hivyo zinahitimisha karne moja na zaidi ambayo anwani ya mtu ilikuwa mahali alipokuwa na wenzake.

Muhuri bila barua

Kama ishara ya zama hizi, tukumbuke maonyesho ya dunia yaliyofanyika Dubai kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022. Nchi 192 zilishiriki, zikiwamo za Afrika Mashariki, na ziara zilizidi milioni 24. Wageni waliuziwa kijitabu cha manjano kilichofanana na pasipoti, na kila banda la nchi lilikuwa na muhuri wake. Watu walipanga foleni, wengine wakikimbia banda hadi banda, ili kurasa zijae. Ilikuwa Dartmoor katikati ya jangwa: daftari, muhuri, na furaha ya kusema nimefika.

Furaha hiyo haina ubaya. Lakini Mswahili aliyegonga muhuri wa Kenya, kisha wa Tanzania, kisha wa Oman, katika saa moja, alifanya kwa mchezo safari ambayo babu yake aliifanya kwa karatasi halisi, na wakati mwingine bila karatasi. Kwa waliohama mwaka 1964, muhuri katika pasipoti ulikuwa mlango wa kupita au ukuta wa kuzuia. Na muhuri juu ya bahasha ulikuwa habari kwamba mtu bado yupo.

Bahasha kama ushahidi

Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, zinahifadhi barua za masultani, mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Barua za karani wa Dubai aliyemwandikia dada yake Wete haziko huko. Ziko katika mikebe ya biskuti, chini ya vitanda, Muscat, Dubai, Mombasa, London na Toronto, na kila mwenye mkebe anapofariki warithi hupangusa kabati. Mara nyingi karatasi hubakishwa kwa sababu ya mwandiko wa marehemu, na bahasha hutupwa.

Inapasa kuzihifadhi zote mbili. Bahasha inaonyesha ilikotoka barua, siku iliyotoka, siku iliyofika, namba ya sanduku na jina la mwenye sanduku. Bahasha 50 za familia moja, zikipangwa kwa tarehe, zinaonyesha lini mtu alihama kazi, lini njia ya Mombasa ilitumika badala ya njia ya moja kwa moja, lini ukimya uliingia na ulidumu miezi mingapi. Na pale ambapo hakuna stempu wala muhuri, kumbukumbu ya wazee ndiyo muhuri uliobaki. Aliyepokea barua mwaka 1966 akiwa na miaka 16 sasa amepita 70, na bado anaweza kumtaja aliyeileta. Jina hilo liandikwe nyuma ya bahasha kwa penseli, pamoja na mwaka na bandari, kabla halijapotea.